Homa ya papasi: ugonjwa ulioonekana na watu waliokuwa wakitafuta malaria

"Malaria hakuna." Jibu hili tunalijua wote. Kidole kimetobolewa, kipimo kimeonyesha mstari mmoja, na mgonjwa anaondoka na dawa ya taifodi au ya UTI, wakati mwingine zote mbili kwa pamoja. Siku chache anapata nafuu. Halafu homa inarudi, kichwa kinagonga, viungo vinauma, anapima tena: hakuna. Mtu wa Hirbadaw anaweza kwenda Katesh, akaenda hadi Haydom, na bado akarudi nyumbani na swali lile lile alilotoka nalo.

Homa inayoondoka na kurudi ina sababu nyingi, na sidai kwamba kila homa ya namna hii Hanang au Mbulu ni ya papasi. Lakini nataka tuifuatilie hii moja, kwa sababu historia ya kuipima ina jambo ambalo darasani hupita haraka sana. Kwa muda mrefu homa ya papasi ilikuwa inaonekana kwa sababu tu mtu alikuwa akitafuta ugonjwa mwingine kwenye darubini.

Kwanza tumjue mdudu mwenyewe. Papasi si yule kupe anayemng'ang'ania ng'ombe kwa siku kadhaa mpaka avimbe. Huyu ana mwili laini kama kifuko cha ngozi, na anaishi kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta. Usiku anatoka, ananyonya damu kwa nusu saa hivi, kisha anarudi mafichoni. Asubuhi huna cha kumwonyesha daktari. Anaweza kukaa miaka bila kula. Kwa hiyo swali la kawaida la hospitalini, "uliwahi kung'atwa na kupe?", hapa halisaidii kitu. Swali la maana ni: unalala wapi?

Wenyeji walikuwa wakiwalaumu wadudu hawa muda mrefu kabla ya maabara yoyote kufika. Livingstone aliandika juu ya madhara ya kung'atwa nao mwaka 1857. Ila wazungu wengi waliichukulia kama hadithi ya njiani, mpaka ilipofika miaka miwili ya ajabu, 1904 na 1905. Tayari mwaka 1868, kule Berlin, Otto Obermeier alikuwa ameona kwenye damu ya wagonjwa wa homa ya kurudi-rudi viumbe vyembamba vilivyojisokota kama springi ya kalamu. Ile ya Ulaya ilienezwa na chawa. Mwaka 1904, nchini Uganda, Philip Ross na Milne waliona viumbe kama hivyo kwenye damu ya wagonjwa wa "homa ya kupe". Wakati huohuo Dutton na Todd, wa chuo cha tiba za kitropiki cha Liverpool, walikuwa Kongo wakithibitisha kwa majaribio ya nyani kwamba papasi ndiye anayebeba. Wote wawili waliambukizwa. Dutton alifariki huko mashariki ya Kongo Februari 1905, na bakteria huyo leo anaitwa Borrelia duttonii.

Mwaka huohuo Robert Koch alikuwa huku kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alifuata njia za misafara kutoka pwani, akichimba vumbi la vibanda walimolala wapagazi, na akakuta papasi. Alipowapasua aliwaona bakteria hata ndani ya mayai. Yaani papasi mchanga anaweza kuzaliwa akiwa tayari na maambukizi, bila kumng'ata mgonjwa yeyote. Kingine, aliwakuta papasi pia kwenye vijiji vilivyo mbali na barabara, ambako watu wazima hawakuonekana kuugua sana. Alihisi kwamba walishapata kinga tangu utotoni. Mimi naona hilo ni muhimu kuliko yale mayai, na tutalirudia.

Sasa kwa nini homa inarudi? Bakteria huyu ana protini nyingi juu ya mwili wake, kama koti. Kinga ya mwili inalijua lile koti, inawaua karibu wote, na homa inashuka. Wachache waliobadili koti wanabaki, wanazaliana kwa siku kadhaa, na homa inapanda upya. Mchezo huu unaweza kujirudia mara kadhaa. Ukiangalia damu wakati homa iko juu, unaweza kuwaona. Ukiangalia mgonjwa akiwa na nafuu, kwa kawaida huoni kitu. Fikiria mtu wa kijijini: siku ya homa kali hawezi kupanda bodaboda wala kutembea, anasubiri apate nguvu. Anafika kituoni siku ile ambayo wadudu wametoweka kwenye damu. Tena hata siku ya homa, wadudu wa aina hii huwa wachache, mpimaji mwenye haraka anawapita.

Pamoja na hayo walionekana, na sababu ni malaria. Kwa karibu karne nzima, kila mwenye homa alipakwa damu kwenye kioo, ikatiwa rangi ya Giemsa, ikaangaliwa. Kioo hicho hicho cha malaria kinaonyesha pia spiroketi. Mpimaji mzoefu wa Dodoma au Tabora aliwajua kwa sura. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, kikaja kipimo cha haraka cha malaria, mRDT. Ni kipimo kizuri, kimeokoa watu, sikipigi vita hata kidogo. Lakini kinatafuta protini ya kimelea cha malaria, basi. Hakina jicho. Kioo kinaweza kukuonyesha usichokitafuta, kipande cha plastiki hakiwezi.

Hapo ndipo "malaria hakuna" ilipogeuka kuwa mwisho wa uchunguzi, wakati ilipaswa kuwa mwanzo. Utafiti uliofanywa Moshi 2007–2008 na kuchapishwa 2013 unaonyesha ukubwa wa tatizo. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, 528 waliandikwa kuwa na malaria, na waliokuwa nayo kweli ni 14. Watu 36 walikuwa na homa za rickettsia za kundi la madoa, ambazo huenezwa na kupe. Wengine walikuwa na leptospirosisi, homa ya Q au brusela. Hakuna hata mmoja ambaye daktari alikuwa amewaza ugonjwa wa kutoka kwa wanyama wakati wa kumlaza. Tatizo ni kwamba vipimo vingi vya namna hii vinahitaji damu mara mbili, siku ya kwanza na tena baada ya wiki kadhaa, ili kuona kama kingamwili zimepanda. Jibu likifika, mgonjwa ameshapona au ameshazikwa.

Kuna wanaouliza, kwa nini tusitumie kipimo cha ugonjwa wa Lyme, si nao ni Borrelia? Ni ndugu kweli. Willy Burgdorfer, aliyemgundua bakteria wa Lyme Marekani mwaka 1981, alikuwa amefanya udaktari wake wa falsafa Uswisi juu ya huyuhuyu papasi wa Afrika na bakteria wake, ndiyo maana alipowaona kwenye utumbo wa kupe wa New York aliwatambua. Lakini kipimo cha Lyme kinapima kingamwili dhidi ya bakteria mwingine. Kwa homa ya papasi kinaweza kukosa, au kutoa majibu ya kuchanganya. Hiyo ni hela ya bure.

Kinachobaki ni kupima vinasaba, PCR. Wanasayansi walipofanya hivyo kwa watoto wa kijiji kimoja cha Tanzania ya kati na kuchapisha kwenye Lancet mwaka 2003, walimkuta Borrelia kwa watoto 6 kati ya 54 wenye homa, na aina aliyokuwamo ilikuwa mpya. Lakini walimkuta pia kwa watoto 13 kati ya 307 wasio na homa. Koch alikuwa ameliona jambo hilo kwa mbali: unaweza kuwa naye na usiugue. Kwa hiyo hata mashine ikisema "yupo", daktari bado anapaswa kuuliza kama ndiye anayemuumiza huyu aliyeketi mbele yake.

Dawa zenyewe si za ajabu, doksisaiklini na penisilini zinamwua. Ila dozi ya kwanza huweza kupandisha homa ghafla na kumtetemesha mgonjwa, kwa hiyo ni vizuri aanze akiwa karibu na muuguzi. Wajawazito ndio wa kuangaliwa zaidi, maana ugonjwa huu huharibu mimba na kuua watoto wachanga. Kwa mwenye homa ya kurudi-rudi anayelala kwenye sakafu ya udongo, ombi lenyewe ni dogo: damu ichukuliwe homa ikiwa juu, kabla ya antibiotiki, na kioo kiangaliwe hata kama mRDT imesema hakuna.