Mbwa Yuko Wapi? Historia ya mkanda wa shingoni wa mbwa wa kuwinda

Mkanda wa shingoni wa mbwa wa kuwinda una kazi ya tangu zamani: kumjulisha mwenye mbwa mnyama wake yuko wapi baada ya kumpotea machoni. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, kazi hiyo hufanywa na kengele ya mti. Wambuti, wakazi wa msitu huo, huwinda kwa nyavu wakisaidiwa na mbwa wa jamii ya basenji, mbwa mdogo mwenye mkia uliojikunja, asiyebweka kama mbwa wengine. Ukimwachia kichakani shingo tupu, umempoteza. Kwa hiyo hufungwa kengele iliyochongwa, yenye vijiti vya kugonga ndani, naye hukimbia ikilia huku akiwakurupusha wanyama kuelekea nyavuni. Wanaongoja husikia mlio ukikaribia, wakajua upande gani wa kujiweka tayari.

Huko Ulaya, kengele hiyo hiyo ilisomwa kinyume. Wawindaji wa ndege walikuwa na mbwa aliyefundishwa kuganda kama jiwe, pua mbele, pindi anapomnusa kwale. Maadamu kengele inalia, hakuna jambo. Ikinyamaza ghafla, mwindaji anaandaa bunduki, kwa kuwa mbwa amesimama mbele ya ndege. Ukimya ndio uliokuwa habari, na tatizo lake ni dhahiri: kitu kilichonyamaza hakielekezi mtu kilipo.

Marekani ilikuwa na mbwa wa namna nyingine, wa sauti kubwa. Katika milima ya Appalachia na mabonde ya kusini, watu huwinda usiku rakuni, mnyama mdogo wa porini anayepanda miti. Mbwa huachiwa gizani, na wenyewe hubaki wamesimama wakisikiliza. Mbwa akiwa mbioni hubweka kwa namna yake, akishampandisha rakuni mtini hubadilisha sauti, na mwenye mbwa huitambua ya kwake katikati ya kundi. Hata hivyo, sikio lina mpaka. Mbwa akivuka mgongo wa kilima sauti inakatika, na mto wenye kasi huimeza kabisa. Msako wa mbwa aliyepotea uliweza kuchukua siku kadhaa, na wengine hawakuonekana tena.

Dawa ilitoka kwa wanasayansi. Mwaka 1961 ndugu wawili, Frank na John Craighead, walianza kuwafunga dubu wa hifadhi ya Yellowstone mikanda ya redio, na mwaka 1963 William Cochran na Rexford Lord wa Illinois wakachapisha maelezo ya mtambo wa kufuatilia wanyama pori kwa redio. Kabla ya muongo kwisha, maarifa hayo yalikuwa yamefika Ziwa Manyara, ambako mtafiti Iain Douglas-Hamilton aliyatumia kwa tembo. Wenye mbwa hawakukawia: katika miaka ya 1970 mikanda ya redio ilikuwa ikiuzwa kwa wawindaji wa Marekani.

Ufundi wake haukuwa mgumu. Kila mkanda ulirusha mdundo, ti, ti, ti, katika masafa yake wenyewe, mengi yakiwa kati ya MHz 216 na 220. Mwindaji alishika kipokezi mkono mmoja na antena ya kukunjua mkono wa pili, akajizungusha taratibu. Mlio ulipokuwa mkali zaidi, ndiko aliko mbwa. Kifaa kilitaja upande tu, umbali hakikuujua. Ilibidi mtu ahame, apime tena, kisha akisie mistari miwili inakutania wapi. Bonde lenye kuta za mawe lilirudisha mwangwi wa mawimbi, na mgeni wa kazi hiyo aliweza kupanda kilima kisicho chake kwa saa nzima.

Kilichowapendeza wengi ni kitone cha zebaki. Ndani ya mikanda fulani kuliwekwa swichi ndogo yenye zebaki. Mbwa akiinua kichwa kumtazama rakuni juu ya mti, zebaki inateleza, nyaya zinaungana, na mdundo unabadilika. Mtu aliye mbali, bila kusikia hata mbweko mmoja, anajua kwamba mbwa ametazama juu.

Wakati huo huo mkanda wa pili ulikuwa ukikua, wenye shabaha tofauti kabisa. Huu haukuuliza mbwa yuko wapi, ulimwadhibu. Kampuni ya Tri-Tronics ya Tucson, Arizona, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuuza mikanda ya mshtuko wa umeme inayobonyezwa kwa rimoti. Wateja wa mwanzo walikuwa wenye mbwa wa kuwinda, na kosa lililowasumbua lilijulikana: mbwa wa rakuni anayekimbilia kulungu. Katika mikanda ya awali, kubadili ukali wa mshtuko kulitaka kuchomoa kiziba kimoja na kuchomeka kingine, kwa hiyo kiwango kilipangwa kabla mbwa hajaachiwa. Kuupunguza au kuuongeza papo hapo kutoka mkononi kulikuja baadaye, na pengine hayo ndiyo mabadiliko yaliyomfaa mbwa kuliko yote.

GPS, mfumo wa setelaiti wa kutambua mahali, nayo ilikuwa mali ya jeshi la Marekani. Setelaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1978, na mfumo ukakamilika mwaka 1995. Raia waliruhusiwa kuutumia, lakini wanajeshi waliuvuruga makusudi, hata kosa likafika takribani mita 100. Mbwa aliye mita 100 pembeni katika msitu mnene ni mbwa asiyejulikana aliko. Mei 2000 Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, na usahihi ukaboreka usiku mmoja. Mwaka huo huo mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilifungua masafa matano, kati ya MHz 151 na 154, ambayo raia anaweza kuyatumia bila leseni kwa nguvu isiyozidi wati 2. Bila masafa hayo, mkanda ungejua ulipo na kukosa wa kumwambia.

Hapo ndipo wengi hukosea wanapochagua kifaa. Setelaiti haimwoni mbwa. Mkanda husikiliza setelaiti, hujipigia hesabu ya mahali ulipo, kisha hupeleka jibu kwa redio ya kawaida hadi mkononi mwa mwindaji. Safari hiyo ya mwisho ndiyo dhaifu, kwa kuwa kilima huizuia kama zamani. Maili zinazoandikwa kwenye boksi ni za uwanda ulio wazi.

Kampuni ya Garmin ya Kansas ilitoa kifaa cha kufuatilia mbwa kwa GPS, Astro 220, mwaka 2007. Kwenye kioo chake, alama ya mbwa ilionyesha iwapo anakimbia, ameganda au amempandisha mnyama mtini. Kazi ya zebaki ilikuwa imehamia kwenye picha. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilinunua Tri-Tronics, na mwaka 2013 ikatoa Alpha 100, iliyounganisha ramani na mshtuko katika kifaa kimoja kinachoweza kufuatilia hadi mbwa 20. Njia mbili zilizoanza mbalimbali zikakutana shingoni.

Ulaya sheria ikazitenganisha tena. Mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani ilikataza matumizi ya mshtuko mwaka 2006, na Wales ikaupiga marufuku mwaka 2010. Masafa nayo hayalingani: wawindaji wa Sweden hutumia yaliyo karibu na MHz 155, hivyo mkanda ulionunuliwa Marekani unaweza kumfikisha mwenyewe mahakamani hata kama hana nia ya kumshtua mbwa. Huko Sweden na Finland, ambako mbwa wa kuwinda kulungu wakubwa wa kaskazini (moose) hutangulia mbali na mwindaji, mikanda mingi hutuma habari kwa mtandao wa simu, na mingine huhesabu mbweko kwa dakika. Umbali kwa mikanda hiyo si kitu, ila mnara wa simu ukikosekana mkanda hunyamaza.

Kwa hiyo anayenunua aanze na nchi atakayowinda: sheria yake, masafa yake, na kama pana mtandao wa simu. Bei na idadi ya vitufe vifuate baadaye.