Uwazi wa Picha za Kufundishia Tanzania: Kutoka Jaribio la Vugiri, 1935, hadi Slaidi za Darasani Makambako

1.0 Utangulizi

Kata ya Lyamkena imo katika Mji wa Makambako, mkoani Njombe, mahali ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana na ile ya Njombe na Songea, na ambapo reli ya TAZARA ina stesheni. Mwalimu wa sekondari anayeandaa slaidi za somo la historia katika mji huu hukabiliwa na maswali yanayoonekana kuwa ya kiufundi tu: aweke maneno mangapi, achague picha ipi, atumie herufi za ukubwa gani? Insha hii inadai kwamba maswali hayo yana historia, na kwamba kila kanuni ya kupanga picha na maneno mbele ya hadhira imebeba dhana fulani kuhusu mtazamaji. Kanuni nyingi za uwazi zilizotumiwa na wakoloni zilikuwa sahihi, ila sababu walizozitolea zilikuwa potofu. Anayeweza kutenganisha mambo hayo mawili ndiye anayeweza kutengeneza slaidi inayofundisha.

2.0 Jaribio la Vugiri, 1935–1937

Kabla ya kompyuta, picha za kufundishia zilionyeshwa kwa taa iliyopitisha mwanga kwenye vioo vilivyochorwa au kupigwa chapa, huku msemaji akieleza kando yake. Hatua kubwa zaidi ya kuzifanya picha kuwa chombo cha elimu ya watu wazima nchini Tanganyika ilichukuliwa mwaka 1935, pale Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, lilipoanzisha jaribio la filamu za elimu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Jaribio hilo liliongozwa na Meja L. A. Notcutt, akisaidiana na G. C. Latham upande wa elimu. Hadi lilipofungwa mwaka 1937 lilikuwa limetoa filamu 35 fupi kuhusu mambo kama kilimo, afya, kodi na akiba ya posta.

Jambo la kuzingatia ni namna sauti ilivyotengwa na picha. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, hivyo filamu moja iliweza kuonyeshwa katika eneo lingine kwa lugha nyingine. Pale sahani ziliposhindwa kueleweka, mkalimani alisimama na kipaza sauti. Kwa hiyo, tangu mwanzo ilidhihirika kwamba picha peke yake haikutosha. Ilihitaji mtu wa kuieleza kwa lugha ya wasikilizaji.

3.0 Kanuni Sahihi, Sababu Potofu

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha Kitengo cha Filamu za Makoloni. William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya nchini Nigeria, alikipa kanuni zake: jambo moja kwa wakati mmoja, mwendo wa taratibu, mandhari isiyo na vitu vya kupoteza macho, na mfululizo usiokatwa ghafla. Kisa kilichorudiwa mara nyingi katika maandiko ya wakati huo ni cha watazamaji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa hadi kujaza kiwambo, wakasema kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Kisa hicho kilitumiwa kuwa ushahidi wa udhaifu wa akili ya Mwafrika.

Tafsiri hiyo haisimami. Mtu asiyeambiwa kipimo cha picha hana njia ya kukijua, awe Njombe au London. Kosa lilikuwa la mtengenezaji, aliyeondoa kipimo kisha akamlaumu mtazamaji. Utafiti wa baadaye unathibitisha jambo hilo. John Sweller, katika kazi yake ya mwaka 1988 kuhusu mzigo wa akili, na Richard Mayer, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu kujifunza kwa maneno na picha, walifikia mapendekezo yanayokaribiana sana na yale ya Sellers: punguza visivyohitajika, weka maneno karibu na picha inayohusika, gawa somo katika vipande. Tofauti ni kwamba wao walieleza mipaka ya akili ya kila binadamu.

4.0 Mtu ni Afya, 1973

Baada ya uhuru, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitoa jibu lingine. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilidumu majuma 12 na kukadiriwa kuwafikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujisomea. Magonjwa kama malaria, kichocho, safura na kifua kikuu yaligawanywa katika vipindi. Kikundi kilisikiliza redio, kikasoma kitabu, kikajadili, kisha kikaamua la kutenda. Kanuni ya jambo moja kwa wakati ilibaki, lakini dhana ya mshiriki ilibadilika: alichukuliwa kuwa mtu mwenye hoja za kutoa. Maandishi yalikuwa mafupi kwa sababu nafasi kubwa ilitengwa kwa mazungumzo.

5.0 Ujio wa Slaidi za Kompyuta

Programu ya PowerPoint ilitolewa na kampuni ya Forethought mwaka 1987, kwa kompyuta za Macintosh. Mwaka huohuo Microsoft iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Kwa Kiswahili, hatua muhimu ilikuwa Jambo OpenOffice, iliyotolewa Desemba 2004 kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo iliwawezesha watumiaji kuandaa mawasilisho kwa programu inayoongea lugha yao.

Hatari ya chombo hiki ilionekana Marekani. Chombo cha anga Columbia kilipoangamia Februari 1, 2003, pamoja na wanaanga saba, tume ya uchunguzi ilikosoa mazoea ya NASA ya kutumia slaidi badala ya ripoti za kiufundi, kwa kuwa onyo kuhusu hatari lilizama chini ya orodha ya vipengele vidogo. Katika madarasa yetu hatari hiyo huchukua sura nyingine: slaidi hugeuka ubao wa notisi. Mwalimu hujaza aya za Kiingereza, wanafunzi hunakili, na mazungumzo yaliyokuwa kiini cha Mtu ni Afya hukosa nafasi.

6.0 Mfano: Slaidi ya TAZARA

Chukua somo la reli ya TAZARA. Slaidi ya kawaida ingekuwa na kichwa "TAZARA" na vipengele kumi kuhusu mkopo, urefu, miaka na faida. Slaidi iliyo wazi ingekuwa na sentensi moja juu: "Zambia ilihitaji njia ya bahari isiyopita kwa walowezi wa kusini." Chini yake kungekuwa na ramani yenye mstari mmoja mnene kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, Makambako ikiwekewa alama, pamoja na kipimo cha ramani, ili kosa la mbu lisirudiwe. Ujenzi wa 1970 hadi 1975, mkopo wa China usio na riba, na tangazo la uhuru la walowezi wa Rhodesia la mwaka 1965 vingesemwa kwa mdomo, kisha vikapewa wanafunzi kwenye karatasi. Swali la mjadala lingefuata: Makambako ilipata nini na reli hiyo, na wazee wa Lyamkena wanaweza kutoa ushahidi gani?

Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Katika somo hilo, kisingizio cha kunakili kwa sababu ya lugha kimeondoka.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba uwazi wa slaidi hutegemea zaidi dhana ya mtazamaji kuliko programu inayotumika. Sellers aliondoa maneno na vitu vya ziada kwa kudhani mtazamaji hawezi. Mtu ni Afya ilipunguza maandishi kwa kuamini mshiriki ana la kusema. Matokeo kwenye kiwambo yanaweza kufanana, lakini darasani hayafanani, kwa kuwa katika hali ya kwanza mwanafunzi hutazama na kunyamaza, na katika ya pili hutazama na kujibu. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba mafunzo ya walimu kuhusu slaidi yaanze na swali la nini mwanafunzi atasema baada ya kuitazama, kabla ya kugusa herufi na rangi.