Mali ya Marehemu ni ya Nani?

Baba wa nyumba akifa, mara nyingi ugomvi unaingia kabla machozi hayajakauka. Huyu anauliza ufunguo wa duka, yule anabeba mashini ya kushona, mwingine anamwambia mjane: «Rudi kwenu.» Tutazame basi namna urithi ulivyogawanywa zamani katika Kongo, na namna sheria inavyoamuru leo.

Kwa wazee wetu, mali ilikuwa ya ukoo kuliko kuwa ya mtu mmoja. Kwa wanaofuata ukoo wa baba, kama Washi wa Kivu, urithi ulishuka kwa mwana wa kiume. Kwa wanaofuata ukoo wa mama, kama Wabemba wa Katanga, mpwa alirithi mjomba wake. Mjane hakurithi kitu. Lakini hakutupwa: mara nyingi ndugu wa marehemu alimchukua, akawalea na watoto. Aliyepokea mali alipokea na watu.

Wakati wa Wabelgiji desturi hiyo iliendelea, na mabaraza ya wenyeji, yaliyopangwa kwa amri ya mwaka 1926, yalikata kesi zake. Lakini watu wengi walikuwa wakihamia mijini na kwenye machimbo. Huko mtu alipata mshahara, akanunua baiskeli, akajenga nyumba pamoja na mke wake. Alipokufa, ndugu wa kijijini waliweza kuja kuchukua vitu na kumwacha mjane na watoto wake. Walishika haki ya desturi, wakaacha mzigo wake.

Ndiyo sababu sheria mpya ilihitajiwa. Sheria ya Jamaa ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, nchi ilipoitwa Zaire, ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1988. Ilirekebishwa mwaka 2016.

Kazi yake inaendaje? Kama marehemu hakuacha wasia, mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wengine anakuwa msimamizi. Akikataa, warithi wanachagua mwingine, na hakimu anamthibitisha. Msimamizi si mwenye mali, ni mtumishi tu. Anatafuta warithi wote, anaandika vitu vyote, analipa madeni. Ndipo anagawa na kutoa hesabu. Kwanza lakini fungu la mjane mwenyewe katika mali ya ndoa litengwe, kwa maana lile si urithi.

Tuseme zinabaki franka 1.200.000. Watoto wanapata robo tatu, yaani 900.000, sawasawa, wa kike na wa kiume. Wakiwa wanne, kila mmoja anapata 225.000. Mtoto wa nje ambaye baba alimkubali angali hai anahesabiwa pamoja nao. Robo inayobaki inakatwa mafungu matatu: 100.000 kwa mjane, 100.000 kwa baba na mama wa marehemu, 100.000 kwa ndugu na dada zake. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake na kutumia vyombo vyake. Basi asiambiwe kwamba fungu lake dogo linamtoa mlangoni.

Sheria ni nzuri, lakini haitembei yenyewe. Mjane asiye na cheti cha ndoa cha Serikali anapata taabu mbele ya hakimu. Ndoa ya kanisani ni sakramenti, lakini peke yake haitoshi mbele ya Serikali. Ndoa iandikishwe pia kwa mwandikishaji wa Serikali.

Wewe baba, na wewe mama, msiogope kufanya wasia. Kufanya wasia hakuiti kifo. Unaweza kuuandika kwa mkono wako mwenyewe, wote mzima, ukaweka tarehe na sahihi. Andika pia madeni yako, na mahali zilipo karatasi za kiwanja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu watakaoujenga ni yatima wako.