Waokotao Taka kwa Hiari: Habari za Lamu

Katika mikutano yetu ya mwaka huu swali moja limeulizwa kuliko mengine yote: ya nini mwanachama ainame kuokota taka za njiani, hali kaunti yapokea ada zake? Swali hilo si la uvivu. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti kazi ya kuzoa taka. Tena wazee wetu wanayo sababu ya zamani ya kuichukia kazi isiyo na ujira. Siku za ukoloni watu walitolewa majumbani kwa amri ya machifu wakachimbe matuta na kutengeneza barabara, hata mwaka 1947 wanawake wa Murang'a wakayakataa matuta hayo waziwazi. Mzee Jomo Kenyatta alipotoa mwito wa Harambee mwaka 1963, alichagua neno la watu wavutao mzigo pamoja, wala si neno la nyapara. Tofauti hiyo ndiyo tunayoishika hapa.

Tutazame Lamu. Mji Mkongwe wake uliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Vichochoro vyake ni vyembamba, gari halipiti, na mizigo huchukuliwa na punda. Basi taka ikiachwa mlangoni haina pa kujificha. Punda wenyewe hula mifuko ya plastiki kwa kuidhani chakula, ikawajaa matumboni hata wengine wakafa. Na katika mji ule, afaye punda amefiliwa mwenye mzigo pia. Juu ya hayo bahari nayo huleta yake: chupa, kamba, nyavu zilizokatika, na ndara za mpira zisizo na idadi. Mwenye nyumba aweza kufagia kizingiti chake kila asubuhi, lakini ufukwe ni wa nani?

Ufukwe huo waliufagia watu wa kujitolea. Na walichokiokota hakikutupwa shimoni. Tangu mwaka 2016 iliundwa safari iliyoitwa Flipflopi, na fundi wa majahazi Ali Skanda, mwenyeji wa Lamu, akapewa kazi ambayo hakuna fundi aliyekuwa ameijaribu: kuunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa. Yapata tani 10 zilisagwa, zikayeyushwa, zikatiwa katika kalibu, zikatoka mkuku, mataruma na mbao, nazo zikachongwa kama mti unavyochongwa. Ubavuni chombo kilivikwa ndara za rangi zote. (Wako waliocheka walipokiona, nasi tungalicheka.) Urefu wake ulikuwa mita 9. Kilishushwa majini Septemba 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 kikatweka tanga kutoka Lamu hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, kikitua njiani watu wakione. Mwaka 2021 chombo hicho kilizunguka Ziwa Victoria.

Hata hivyo hatusemi kwamba mikono mitupu yatosha. Serikali ilijaribu kuzuia mifuko myembamba mwaka 2007, ikajaribu tena mwaka 2011, pasipo mafanikio. Ni katazo la tarehe 28 Agosti 2017, lenye faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, lililoiondoa mifuko ya plastiki madukani. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zikakatazwa pia katika mbuga na fuko za bahari zilizohifadhiwa. Aokotaye nyuma ya atupaye bila sheria hamaliziki. Na gunia lililojazwa likakosa gari la kulichukua ni taka ile ile, imehama tu.

Yatupasa pia kumfikiria mfagiaji wa mshahara. Kazi yetu isiwe kisingizio cha kumwondoa.

Kwa sababu hizo kamati imekubali kwamba siku ya usafi haitakuwa na daftari la mahudhurio wala faini kwa asiyefika. Patakuwa na daftari la namna nyingine: magunia yatapimwa, vitu vitahesabiwa aina kwa aina na mtaa kwa mtaa, na hesabu hiyo itapelekwa kila mwezi katika ofisi ya kaunti pamoja na ombi la gari. Mwandishi wa chama ataweka nakala, na mzee ye yote aweza kuja kuisoma.