Nani Huiponya Nchi? Misitu, Maji na Madaraka katika Milima ya Usambara

Kila mvua zinapochelewa, lawama ni ile ile: wakulima wamekata miti. Afisa huitamka mkutanoni, gazeti huichapa, na mwanafunzi huinakili katika jibu la mtihani. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu iliyobaki imo katika historia, nami ningependa tuitafute mahali pamoja tu: katika milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Tuanze na maumbile. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na milima hiyo, zikalazimika kupanda, zikapoa, zikamwaga mvua. Amani, iliyo Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, ilhali nyanda za Mkomazi zilizo nyuma ya milima ni nyika kavu. Kwa hiyo si miti peke yake inayoileta mvua Usambara. Bahari na mlima vina sehemu kubwa zaidi. Kazi kuu ya msitu ni kuamua maji yafanye nini yakishafika. Majani huvunja nguvu ya matone, mboji hufyonza maji mithili ya sifongo, na mizizi huyafungulia njia ya kushuka ardhini. Kwenye vilele, matawi hunasa hata ukungu na kuudondosha chini. Maji yaliyohifadhiwa hivyo hutoka polepole kwenye chemchemi miezi mingi baada ya masika. Ndiyo maana mto unaotoka msituni huendelea kutiririka wakati wa kiangazi.

Msitu ukiondolewa, mvua inaweza kuwa ile ile kwa kipimo, lakini tabia ya maji hubadilika. Matone hupiga udongo mtupu, uso wake ukaganda, maji yakakimbia juu juu yakiuchukua udongo wenye rutuba. Masika huleta mafuriko na matope. Kiangazi huacha kitanda cha mawe. Mkulima hupoteza mara mbili: udongo wake umekwenda bondeni, na mfereji wake umekauka. Aidha, miti hurudisha hewani sehemu ya mvua kwa njia ya mvuke. Katika misitu mipana kama ile ya Kongo na Amazon, mvuke huo huwa wingu linalonyesha mbali sana na pale ulipotoka. Na kila msitu unaochomwa au kuozeshwa huachia hewani kaboni iliyokuwa ndani ya miti na udongo, hivyo kuongeza joto la dunia nzima.

Wasambaa hawakusubiri maabara ili watambue kwamba nchi huweza kuugua. Katika lugha yao kulikuwa na mawazo mawili yaliyopingana: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman ameonyesha jinsi mawazo hayo yalivyokuwa kiini cha siasa za Usambara kwa vizazi vingi. Mfalme wa ukoo wa Kilindi, aliyekaa Vugha, alihesabiwa kuwa na uwezo juu ya mvua. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala sehemu kubwa ya nusu ya kwanza ya karne ya 19, alipimwa kwa shibe ya watu wake. Mamlaka yakiwa thabiti, mvua hunyesha na nchi hupona. Wakuu wakigombana, njaa huingia.

Siwapambi wafalme hao kwa sifa wasizostahili. Baada ya kifo cha Kimweri, vita vya warithi wake vilijaza misafara ya watumwa. Ninalosisitiza ni jambo moja: katika fikra za Wasambaa, hali ya mvua na ardhi lilikuwa swali aliloulizwa mtawala. Ukoloni uligeuza swali hilo, ukamwelekezea mkulima.

Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Kwa macho ya mgeni, shamba lililopumzishwa na msitu wa matambiko vyote havikuwa na mwenyewe. Katika muongo huo huo makampuni yalifyeka misitu ya Usambara Mashariki, kama pale Derema, ili kupanda kahawa. Waliamini kwamba msitu mnene ni dalili ya udongo wenye rutuba isiyokwisha. Walikosea. Katika msitu wa mvua, sehemu kubwa ya rutuba hukaa ndani ya miti yenyewe na katika tabaka jembamba la mboji. Ukiondoa miti, umeondoa na ghala. Mibuni ilidhoofika, mashamba yakawavunja moyo wenyewe, na baadaye chai ikachukua nafasi ya kahawa.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905. Tawi lake lilipandishwa hadi Sigi kuchukua mbao, na huko Usambara Magharibi waya wa kuning'inia uliteremsha magogo ya mierezi kutoka Shume hadi Mkumbara. Wakati huo huo, mwaka 1902, ilianzishwa Amani taasisi mashuhuri ya utafiti wa mimea na kilimo, na serikali ikaanza kutenga misitu ya hifadhi. Uvunaji na uhifadhi vilizaliwa pacha, chini ya mtawala mmoja. Aliyefungiwa mlango na wote wawili alikuwa mwanakijiji, ambaye aliona magogo yakishuka kwa waya huku yeye akikatazwa kuokota kuni.

Waingereza walirithi utaratibu huo, wakauimarisha kwa sheria ya misitu ya mwaka 1921. Hifadhi zilibaki juu, mashamba ya walowezi yalibaki mikononi mwao, mkonge ukatanda katika nyanda za chini, na watu wakaongezeka katika eneo lililobaki katikati. Muda wa kupumzisha ardhi ukafupika. Miteremko mikali ikalimwa kila mwaka. Mmomonyoko uliotokea ulikuwa wa kweli kabisa. Lakini wataalamu waliandika juu ya kilimo kibaya cha wenyeji, wakapita kimya juu ya mgawanyo wa ardhi uliowafikisha hapo.

Dawa waliyoileta ilikuwa matuta. Mpango wa Mlalo, ulioanza katika miaka ya 1940, uliwalazimisha wakulima kulima kwa matuta, ukawawekea masharti ya mifugo na ya kulima miteremko, na waliokaidi wakatozwa faini. Kazi iliwaelemea hasa wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa vibaruani. Tena watu waliogopa kwamba ardhi iliyopimwa leo itatwaliwa kesho, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga katika nchi iliyokwisha kuonja amri ya 1895. Upinzani ulienea, TANU ikapata wafuasi katika vilima hivyo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Katika milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, amri kama hizo za matuta zilizaa ghasia mwaka 1955. Hivyo kuhifadhi udongo, jambo jema lenyewe, kukabaki katika kumbukumbu za wengi kama jina jingine la kutawaliwa.

Je, Uhuru ulilirudisha swali kwa mtawala? Jibu la haki ni kwamba ulilirudisha kwa kusitasita. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini hifadhi za misitu zilibaki mali ya serikali kama zilivyokuwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 misitu ya Usambara Mashariki ilivunwa kwa mitambo ili kulisha kiwanda cha mbao cha Tanga, kwa msaada wa Finland. Barabara za kukokotea magogo zilijeruhi miteremko ile ile ambayo mkulima alikatazwa kuigusa. Wanasayansi walipaza sauti, na katikati ya miaka ya 1980 uvunaji huo ulisitishwa. Mfadhili yule yule akageukia uhifadhi. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye zaidi ya hekta 8,000. Ni ushindi usio mdogo. Hata hivyo, wakulima waliokuwa wakipanda hiliki chini ya kivuli cha msitu, kilimo kilichosafisha miche na kuzuia msitu usijizae, walitakiwa kutafuta riziki nyingine. Nayo riziki hutafutwa kwa shida kuliko amri inavyoandikwa.

Usambara Magharibi kulikuwa na fundisho tofauti kidogo. Kuanzia mwaka 1981 mradi wa kuzuia mmomonyoko wilayani Lushoto ulihimiza makinga maji ya majani na miti ya malisho, vitu vilivyomlisha ng'ombe wa mkulima huku vikiushika udongo wake. Haukuponya kila mteremko. Lakini pale mkulima alipoona faida ndani ya zizi lake, hakuhitaji kusukumwa na askari.

Leo mji wa Tanga hunywa maji ya Mto Zigi, yatokayo katika misitu hiyo ya Usambara Mashariki. Dar es Salaam hutegemea Ruvu, ambao baadhi ya matawi yake huanzia Uluguru, kule kule kulikokuwa na ghasia za matuta. Mkazi wa mjini akifungua bomba, anatumia kazi ya mtu wa mlimani aliyeacha kipande cha ardhi bila kukilima. Mtu huyo analipwa nini? Katika bajeti nyingi, halipwi kitu; hutengewa onyo tu.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukiulizwa sababu za uharibifu wa misitu, usianze na panga. Anza na ramani ya nani alipewa ardhi ipi. Mwanaharakati, unapotetea mti, mtetee na jirani yake. Nawe mtumishi wa umma, kabla hujatia saini amri ya kuwahamisha watu, soma jalada la Mlalo. Utaona kwamba wataalamu wale walikuwa sahihi kuhusu udongo, wakashindwa kwa sababu walikosea kuhusu watu.

Neno kitivo, tunalolitumia vyuo vikuu kwa sehemu kubwa ya taaluma, lina pia maana ya ardhi yenye rutuba. Sisi tulio katika vitivo vya namna ya kwanza tuna deni kwa wale wa namna ya pili. Deni hilo ni kulirudisha swali la kuzifya shi lilikokuwa zamani: mbele ya wenye madaraka.