Saini ya Lango la Sand River

Mto Mara, utokao katika misitu ya Mau nchini Kenya, huvuka mpaka ukaingia kaskazini mwa hifadhi ya Serengeti, kisha huelekea magharibi, wilaya ya Tarime ikiwa kuumeni kwake na wilaya ya Serengeti kushotoni, hata ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Miongoni mwa vijito viupavyo maji ni kile kiitwacho Sand River, kiambaacho mpaka ule ambao Waingereza na Wajerumani waliunyoosha mwaka 1886 kutoka ziwani kuelekea Kilimanjaro, wakawagawa Wakurya na Wamaasai pasipo kuwashauri. Mnamo Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa katika kuvunjika, Tanzania iliufunga mpaka huo, na njia ya watalii iliyotoka hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya kuingia Serengeti ikakatika, lango la Sand River likabaki kama chumba cha mwisho katika nyumba ndefu.

Katika lango hilo palikuwa na daftari la wageni, na katika daftari hilo palikuwa na mstari mmoja ambao, kwa maoni yangu, una uzito kuliko kurasa nyingi zilizoandikwa baadaye juu ya kadhia ya kifo cha Julie Ward. Tarehe 6 Septemba 1988, Julie Ward, Mwingereza wa umri wa miaka 28, mpenzi wa kupiga picha za wanyama, alifika Sand River peke yake katika gari dogo la Suzuki, lililokuwa limeharibika siku zilizotangulia na kutengenezwa, ili achukue mahema aliyokuwa ameyaacha hapo. Tangu siku hiyo hakurudi kwa watu wake. Baba yake, John Ward, mwenye mahoteli huko Suffolk, alisafiri kuja Kenya kumtafuta, akakodi ndege. Na tarehe 13 gari likaonekana limekwama korongoni, juu ya paa lake herufi SOS zimepakwa kwa matope, na siku hiyo hiyo, mahali pengine mbali na gari, katika majivu ya moto, kikapatikana kipande cha taya na sehemu ya mguu.

Wakubwa wa serikali walisema ameliwa na wanyama. Mzee Ward hakuwa askari, wala mwanasheria, wala mtaalamu wa khati. Lakini alikuwa mzazi, na mzazi huijua kalamu ya mwanawe kwa barua alizopelekewa miaka mingi. Saini iliyokuwamo daftarini, ambayo ilidaiwa kuwa ndiyo ithibati ya kwamba Julie aliondoka langoni kwa salama na kwa hiari yake, haikuwa ya mkono wake. Ilighushiwa. Kadhalika ripoti ya uchunguzi wa mabaki: Dakta Adel Shaker, aliyeyachunguza kwanza, aliandika kwamba mifupa ilikatwa kwa kitu chenye makali, na mkubwa wake, Dakta Jason Kaviti, akaibadili ripoti hiyo ili isomeke kana kwamba mifupa ilivunjika na kuraruliwa. Basi huyu baba, aliyekwenda porini kutafuta nyayo, alijikuta anatafuta wino.

Sheria za Afrika Mashariki zilikwisha kumwekea mtu kama huyo mahali pake zamani. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta katika nchi zetu, na ambayo Kenya iliitumia hadi 1963 na Tanganyika hadi sheria mpya ya 1967, ilisema katika kifungu cha 45 kwamba mtaalamu wa mwandiko asikilizwe. Katika kifungu cha 47 ikakubali pia maoni ya yeyote aujuaye mwandiko wa mtu kwa kumwona akiandika, au kwa kuandikiana naye barua, au kwa kuzishika hati zake katika kazi ya kila siku. Na kifungu cha 73 kikampa hakimu ruhusa ya kuliweka andiko lenye shaka kando ya andiko lililothibitika, akalitazama kwa macho yake mwenyewe. Naona hekima kubwa katika kifungu kile cha 47. Mtaalamu hupima mwinamo wa herufi na uzito wa kalamu, bali jamaa huona kitu kizima kwa mara moja, kama amwonavyo ndugu yake kwa mwendo wake kabla hajauona uso.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa jamaa kuwashinda wenye vyeo. Huko Ufaransa, mwaka 1894, afisa Alfred Dreyfus alihukumiwa kwa uhaini, kwa sababu ya karatasi moja ya siri iliyodaiwa kuwa ya mkono wake, na mmoja wa waliomshuhudilia kinyume alikuwa Alphonse Bertillon, mwenye sifa kubwa katika kuwatambua wahalifu kwa vipimo vya mwili, ambaye katika elimu ya mwandiko hakuwa na mizani. Gazeti la Le Matin lilipochapa picha ya karatasi ile mwaka 1896, ndugu yake Mathieu akaitangaza zaidi, hata mwaka uliofuata mfanyabiashara mmoja wa fedha, aliyekuwa na barua za mteja wake, akautambua mwandiko: ulikuwa wa afisa mwingine, Esterhazy. Dreyfus alitakaswa mwaka 1906.

Lakini baina ya kadhia ile na ya mtoni kwetu ipo tofauti ambayo wengi hawaizingatii. Kule Paris uandishi wenyewe ndio uliokuwa jinai, kwa hiyo aliyeipata kalamu alimpata mkosaji. Hapa Sand River uandishi ulikuwa pazia tu. Kuthibitisha kwamba Julie hakutia saini ni kuthibitisha kwamba habari ya kuondoka kwake haiaminiki. Si kuthibitisha ni nani aliyemuua. Wazee wa Tarime na Mugumu, waliokulia katika nchi ya wizi wa ng'ombe, wanalijua jambo hili vyema: nyayo zikifuatwa mpaka kijijini, wanakijiji wale wanapaswa kujibu au kuonyesha zilikoendelea, walakini nyayo hazimtaji mwizi kwa jina.

Mahakama nazo zilikwama hapo hapo. Uchunguzi wa Nairobi mwaka 1989, mbele ya hakimu Joseph Mango, ulikata kwamba Julie aliuawa. Mwaka 1992 askari wawili wa hifadhi walioshtakiwa waliachiliwa. Mwaka 1999 mkuu wao wa zamani katika Maasai Mara, Simon ole Makallah, aliyeshtakiwa pia, naye aliachiliwa. Mwaka 2004, huko Ipswich, uchunguzi wa Kiingereza ulitamka kwamba aliuawa kinyume cha sheria. John Ward, ambaye alisafiri kwenda Kenya zaidi ya mara 100 kwa mali yake mwenyewe, na aliyekitoa mwaka 1991 kitabu alichokiita The Animals Are Innocent, aliwaondolea wanyama shutuma kwa njia ya kusoma karatasi kwa makini kuliko wale waliolipwa kuzisoma, na hilo alilifanya kwa ukamilifu. Lililobaki, yaani nani aliyekuwapo langoni siku ile na aliona nini, halikuandikwa daftarini, na waliokuwa na amri ya kuuliza mapema hawakuuliza.