Herufi A na kidole cha mwisho: historia fupi ya kibodi

Leo tuache programu kidogo, tuzungumzie chombo tunachoziandikia.

Andika neno "watapatana". Lina herufi 10, na 5 kati yake ni A. Kiswahili hutumia A kuliko herufi nyingine yoyote. Sasa tazama A iko wapi kwenye kibodi: chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu.

Mpangilio huu tumeurithi. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, alipata hataza ya taipureta mwaka 1868, na Remington wakaanza kuziuza mwaka 1874. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, QWERTY ilikuwa imeshazoeleka. Hata August Dvorak, aliyepata hataza ya mpangilio mpya mwaka 1936, aliiacha A palepale.

Kuhamisha herufi basi ni kazi bure, kwa sababu kila saiba na kila ofisi, Bungoma hadi Kitale, ina QWERTY. Kinachoweza kubadilishwa ni swichi iliyo chini ya herufi.

IBM Model M ya mwaka 1985 ilikuwa na springi kwa kila kitufe, lakini huwezi kuchagua uzito wake. Baadaye kibodi rahisi za mpira zikajaa maofisini. Swichi za Cherry MX, zilizotoka miaka ya 1980, kila moja ni kipande kinachojitegemea. Hataza yake ilipoisha, watengenezaji wa China kama Gateron na Kailh wakatoa za kwao kwa bei nafuu.

Ndiyo maana nami hapa Misikhu nimeweza kuunda yangu, kwa bodi ambayo swichi huchomekwa bila kulehemu. Chini ya A nimeweka nyekundu: inashuka moja kwa moja, na inahitaji nguvu ya gramu 45 hivi. Q iko juu yake, kidole ni kilekile, na Kiswahili hakiihitaji. Hapo nimeweka nyeusi, gramu 60, isibonyezwe kwa bahati mbaya. Nyingine ni kahawia, ambazo unahisi kikwazo kidogo katikati. Enter ni bluu, inalia "tik".

Kabla hujanunua swichi, andika programu ndogo ihesabu herufi katika barua pepe zako, uone kidole gani kinabeba mzigo. Kisha kipunguzie.

Haya, kazi njema.